Dhamana ya Mjumbe

Kuna mambo madogo yatendwayo faraghani, mtu akiwa peke yake mbele ya chombo chake, ambayo uzito wake haupungui uzito wa neno lisemwalo mbele ya baraza. Mojawapo ni jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halina falsafa yoyote ndani yake, nalo ni kuandika mstari mmoja katika faili ya kompyuta ili kompyuta hiyo ipate kuzungumza na wenzake kwa njia ya redio. Nakusudia kuuchungua mstari huo, maana naona umebeba swali la kale ambalo wahenga wetu walilijibu kwa maneno mawili tu: mjumbe hauawi. Je, jibu hilo latosha?

Wako watu, katika nchi karibu zote za dunia, wapewao leseni na serikali zao kutumia redio si kwa kazi wala kwa faida, bali kwa kujifunza na kwa kuipenda elimu yenyewe. Hao ni wanaredio wa ridhaa. Kila mmoja wao hupewa ishara ya mwito, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao hana mwingine duniani awezaye kuutumia kwa haki. Mwanzo wa ishara hutaja nchi ya mwenyewe: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya na 5Z, za Uganda na 5X. Ishara hii si lakabu ya kujipamba. Ndilo jina ambalo mtu hujibu kwalo mbele ya sheria kwa kila kitu kitokacho katika eriali yake.

Zamani kitu hicho kilikuwa ama sauti yake ama mdundo wa vidole vyake katika ufunguo wa Morse, wala hapakuwa na shaka ni nani asemaye. Mambo yaligeuka mwaka 1978, wanaredio wa Kanada walipopata ruhusa ya kupeleka hewani maandishi ya kompyuta yaliyogawanywa mafungu mafungu, kila fungu likichukua jina la mpelekaji na jina la mpelekewa. Mafungu hayo huitwa pakiti. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kujaribiwa Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu waliunganisha visiwa kwa redio mwaka 1971. Marekani iliwafungulia wanaredio wake njia mwaka 1980, na kufika mwaka 1984 kanuni iitwayo AX.25 ilikuwa imetolewa katika toleo lake la pili. Tangu hapo mashine zimejua kusalimiana, kupokezana zamu, na kuombana marudio zisiposikizana, na mwenye mashine aweza kuwa amelala.

Katika kompyuta zitumiazo Linux, ambako Alan Cox, akiwa Wales, na baada yake Jonathan Naylor waliitia kanuni hiyo katika miaka ya 1990, mwenye redio huanza kwa kufungua faili iitwayo axports. Humo kila mlango wa redio una mstari wake. Mafundi husema poti. Nami nasema mlango, kwa sababu neno bandari, ambalo tafsiri ya haraka ingelileta, lanikumbusha forodha, na forodhani yuko mtu wa kukagua mizigo. Hapa hayuko. Mstari una mambo sita: jina la mlango, ishara ya mwito, kasi ya mazungumzo baina ya kompyuta na modemu, urefu wa pakiti usiopaswa kuzidishwa, idadi ya pakiti ziwezazo kutangulia kabla ya kungoja jibu, na maelezo mafupi ya kumkumbusha mwenyewe. Kisha hutolewa amri moja ya kuifunga modemu na jina la mlango, na mlango u wazi.

Mambo manne kati ya hayo sita ni ya ufundi, nami sitakawia juu yake. La sita ni kumbukumbu tu. Bali la pili, ishara ya mwito, ni la namna nyingine kabisa. Ukikosea kasi, modemu haitaelewa, nawe utaligundua kosa lako mara moja. Ukizidisha urefu wa pakiti, utapoteza nyingi njiani, nawe utajifunza. Lakini ukiandika katika nafasi ya pili ishara ambayo si yako, kila kitu kitakwenda sawasawa. Mashine itakataa jambo moja tu, kwamba milango miwili ichukue ishara ile ile. Nayo kanuni imelitolea hilo njia kwa kukuruhusu kuongeza nambari nyuma ya jina, kuanzia 0 mpaka 15, ili mtu mmoja awe na milango kumi na sita na jina moja. Kama jina hilo ni lako, mashine haina habari.

Nasikia ikisemwa mara nyingi kuwa mashine haina maadili. Ni kweli, lakini nambari ambazo mtu huziandika ndani ya mashine zina maadili tele. Mfano mzuri ni nambari tatu ambazo hupewa modemu baada ya mlango kufunguliwa, kama zilivyowekwa na Mike Chepponis na Phil Karn katika kanuni yao ya mwaka 1987 iitwayo KISS. Ya kwanza huiambia redio ingoje muda gani tangu iwashwe kwa kusema hadi ianze kusema. Kawaida ni nusu sekunde. Ya pili hupima kipande kidogo cha muda, kawaida sehemu ya kumi ya sekunde. Ya tatu ndiyo yenye kisa. Masafa ni ya watu wote, na wawili wakisema pamoja wote wawili hupotea. Kwa hiyo modemu husikiliza kwanza. Ikisikia mwingine anasema, hungoja. Yule akimaliza, haivamii, hupiga kura. Kura ikiitokea, husema. Isipoitokea, hungoja kipande kimoja cha muda, kisha hupiga tena. Nambari ya kawaida ni 63, maana yake ni kwamba kura humtokea mtu mara moja katika nne.

Kwa nini kura? Kwa sababu waliokuwa wakingoja huenda ni wengi, na kama wote wangeruka pindi mnenaji anyamazapo, wangegongana, na ngojeo lao lingekuwa bure. Kura huwatawanya. Basi yuko mtu aandikaye 255 mahali pa 63. Kwake yeye kura hutokea kila mara. Majirani wakiwa wangali wanapiga kura, yeye amekwisha kusema, na pakiti yake ya baiti 256, katika kasi ya biti 1200 kwa sekunde iliyozoeleka katika masafa haya, huwashikia hewa karibu sekunde mbili. Haonekani na mtu. Hakuna chombo cha jirani kiwezacho kusoma nambari aliyoiandika chumbani mwake; watakachoona ni kwamba mazungumzo yao ni mazito siku hizi, nao watailaumu hali ya hewa. Mwanafalsafa Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitaka kila mtu ajiulize kama kanuni ya tendo lake yaweza kuwa sheria ya watu wote. Sijapata kuona mfano ulio mwepesi kufahamika kama huu: wawili wakiandika 255, kila mara wangojapo pamoja hugongana, na hila haimfai hata mmoja wao. Hufaa maadamu wengine ni wastahifu. Mtu huyo anaishi kwa adabu za watu anaowadhulumu.

Hata hivyo, hapo bado mtu yuko katika maneno yake mwenyewe. Ugumu wa kweli huanza mlango wake upitishapo maneno ya wengine. Redio za masafa haya hazifiki mbali. Milima na majengo huzizuia. Kwa hiyo tangu mwanzo wanaredio waliweka vituo vya kupokezana, na juu yake mbao za matangazo za kompyuta, ambazo hupokea barua, huziweka, kisha huzisukuma kwa kituo kinachofuata, na hiki kwa kingine, mpaka zifike. Mtu aliyefungua mlango kwa ajili ya kazi hiyo amejitolea umeme wake, mashine yake, na jina lake, ili kutumikia watu ambao wengi wao hatawajua kamwe. Ni wema usio na malipo. Na ni wema huo uliowatia watu mashakani.

Mwanzoni mwa mwaka 1991, dunia ikitazama vita vya Ghuba, ujumbe mmoja ulipita katika mbao hizo za Marekani. Uliwataka wasomaji wapige namba ya simu ya kulipia, ianzayo na 900, kwa niaba ya kundi lililopinga nchi hiyo kuingia vitani. Ulisukumwa kituo hadi kituo bila mkono wa mtu. Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho haikumshika mwandishi peke yake. Iliwaandikia pia wenye vituo kadhaa vilivyoupitisha, ikiwahesabu kuwa na kosa. Hoja iliyotolewa haikuwa siasa bali biashara, kwani redio ya ridhaa haimilikiwi na fedha, na namba ile ilikuwa ya fedha. Watu waliokuwa kazini au usingizini saa ujumbe ulipopita waliamka wakiwa washitakiwa kwa maneno ambayo hawakuyatunga, hawakuyasoma, na huenda wangeyakataa.

Hapa ndipo msomaji atakapoitamka methali yetu. Mjumbe hauawi! Lakini ngoja kwanza tutazame methali hiyo ilisimama juu ya nini. Mjumbe wa zamani alikuja na uso wake, na aliyemtuma alijulikana. Ukikasirishwa na neno, ulijua kwa kuipeleka hasira yako. Tena, mara nyingi barua aliyoichukua ilikuwa imefungwa, na kuifungua ilikuwa hiana. Kutojua kwake kulikuwa sehemu ya uaminifu wake. Na zaidi ya hayo alikuwa chini ya amri: aliyeambiwa nenda, alikwenda. Asiyechagua neno, asiyelijua neno, na asiyeweza kulikataa neno, tumuue kwa nini?

Sasa mpime mwenye kituo cha redio kwa nguzo hizo tatu. Uso hana, ana jina lililoandikwa katika mstari, na tumekwisha kuona jinsi jina hilo lilivyo rahisi kuandikwa. Lakiri nayo haipo. Sheria ya redio ya ridhaa, iliyothibitishwa tena katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio huko Geneva mwaka 2003, yakataza maneno baina ya vituo vya nchi mbalimbali kufumbwa kwa kusudi la kuficha maana yake. Kila pakiti husafiri uchi, na kila mwenye sikio aweza kuisoma. Wala hakuna amri. Hakuna sultani aliyemtuma. Mlango aliufungua mwenyewe kwa hiari yake, na aweza kuufunga leo. Nguzo zote tatu zimetikisika, na mtu ajifichaye nyuma ya methali katika hali hii amejificha nyuma ya ukuta wa makuti.

Lakini tukisema hivyo na tukakoma, tutakuwa tumewahukumu wale wa mwaka 1991 kwa haki ya karatasi. Je, awezaye kusoma apaswa kusoma? Barua zipitazo katika kituo chenye kazi nyingi ni nyingi kuliko macho ya mtu mmoja aliye na riziki ya kutafuta mchana. Ukimwambia asome zote au aadhibiwe, atachagua jambo la tatu, nalo ni kuufunga mlango. Na wa pili atafunga, na wa tatu. Siku itakapokuja gharika, nyaya za simu zikakatika, na kijiji kikataka kupeleka orodha ya majeruhi, hakutakuwa na mlango hata mmoja njiani. Mimi naona kuwa methali haikumlinda mjumbe kwa ajili ya mjumbe. Ilimlinda kwa ajili ya njia, ili maadui wapate kusemezana hata siku ya vita. Basi swali si kama mjumbe ana hatia. Swali ni dhamana ikae mahali gani ili njia isife na uongo usitawale.

Marekani ilijibu mwaka 1994 kwa kanuni mpya, na jibu lake lastahili kusifiwa kuliko linavyosifiwa. Wa kwanza kuwajibika ni mwenye kituo ulikotoka ujumbe. Wapokezi wa njiani walioupitisha bila kujua hawana hatia, ila wakijua, ni juu yao kuuzuia papo hapo. Na yule mpokezi wa kwanza kabisa, ambaye neno liliingilia mlangoni kwake, amepewa hiari ya mambo mawili: ama ahakikishe ni nani aliyelileta, ama akubali kulijibu yeye kana kwamba ni lake. Angalia jinsi mzigo ulivyogawanywa. Hakuna atakiwaye kusoma kila kitu. Yuko mmoja tu atakiwaye kumtazama usoni mtu abishaye hodi.

Na hapo fundi atacheka, maana atauliza: utamtazamaje usoni mtu asiye na uso? Ukimtaka neno la siri, atalitamka hewani, na mji mzima utalisikia. Kesho kila mtu atakuwa yeye. Sheria imekataza fumbo. Je, haikukataza pia uthibitisho? Nastaajabia werevu wa programu za zamani katika jambo hili. Mwenye kituo na mtu wake walikubaliana mapema, ana kwa ana, sentensi ndefu ya siri. Siku ya kuingia, kituo hutaja hewani nambari tano, tuseme 7, 31, 12, 3 na 40. Mgeni hujibu kwa herufi zilizoko katika nafasi hizo za sentensi, na mara nyingine nambari ni nyingine. Kila neno limesikika na watu wote, hakuna maana iliyofichwa, na bado imejulikana ni nani. Mtu akisikiliza siku nyingi ataweza kuikusanya sentensi, hilo ni kweli, na udhaifu huo ulijulikana. Lakini uliokolewa ni utengano ambao katika mabishano ya siku hizi juu ya siri mitandaoni husahauliwa: kuficha neno ni jambo moja, na kumthibitisha mnenaji ni jambo jingine, mtu aweza kulitaka la pili kwa nguvu zake zote bila kulidai la kwanza.

Kuna na adabu ya mjumbe mwenyewe kujitaja. Katika pakiti ya AX.25 mpokezi wa njiani ana nafasi yake ya jina, na pembeni mwake biti moja ambayo huiwasha kusema kuwa amekwisha kupitisha. Lakini katika mfumo wa APRS, uliobuniwa na Bob Bruninga kwa kutangaza mahali vyombo vilipo, wapokezi wengi walijibu kwa majina ya jumla, kama vile RELAY, ambayo maana yake ni mpokezi yeyote. Pakiti ilifika, nawe hukujua ilipitia kwa nani. Na ilipotokea kwamba masafa yamefurika marudio, hapakuwa na wa kuulizwa. Katika miaka ya 2000 Bruninga aliwahimiza watu waliache jina hilo na kila mpokezi atie ishara yake mwenyewe. Hakuna mashine mpya iliyohitajika. Ilikuwa kubadilisha neno moja katika faili. Hata kile Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na redio ya kurudisha pakiti katika masafa ya 145.825, na ambacho hupita juu ya Mombasa na Dar es Salaam, hurudisha neno la mtu yeyote bila kuuliza. Huko juu hakuna mlinzi wa mlango wa kwanza. Pakiti hizo zina maneno machache tu, nami nadhani ndiyo sababu jambo hilo halijaleta msiba.

Limebaki swali ambalo kanuni ya mwaka 1994 haikuligusa. Programu za mbao za matangazo zilimpa mwenye kituo uwezo wa kuushika ujumbe usiendelee mpaka ausome. Tuseme ameamka amekuta barua tatu zimeshikwa. Ya kwanza, mwenzake auza modemu kuukuu; hiyo desturi yaruhusu, ataiachilia. Ya pili yatangaza duka. Hiyo sheria yaikataa, ataifuta. Ya tatu yaishutumu serikali kwa vita, haina namba ya simu wala bei ya kitu, na mwandishi wake amethibitika. Sheria haina neno nayo. Lakini mwenye kituo hukereka aisomapo, na pengine anaye mwana aliye vitani. Hakuna awezaye kumlazimisha kuichukua, kwa sababu mlango ni wake. Akiiachilia, itakwenda ikiwa na ishara yake katika orodha ya njia, na atakayeiona ng'ambo hatajua kuwa aliichukua kwa uchungu. Akiifuta, mwandishi atangoja jibu lisilokuja, wala hatajua katika vituo sita au saba ni mlango gani uliolimeza neno lake.

Mimi simlaumu akikataa kuichukua. Namlaumu akiifuta kimya, kwa kuwa hapo ametaka dhamana ya mlango katika mambo mema na kuikimbia katika mambo machungu. Programu ina amri ya kuachilia na amri ya kufuta. Barua ya kumweleza mwandishi kuwa neno lake limekomea hapa, na kwa nini, haimo katika programu; hiyo hana budi aiandike mwenyewe.